Mama apumzike mpaka lini?

SWALI

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68. Maisha yake yote amelima na kuuza machungwa Muheza, akatusomesha watoto wanne. Mwaka jana nilimchukua nikamleta kwangu Tabata, nikamwambia mama umechoka, sasa kaa upumzike. Hapa hagusi kitu. Dada wa kazi anapika, anafua, hata maji ya kuoga anapelekewa. Alipokuja alikuwa anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Sasa miezi kumi imepita, kunyanyuka kwenye kochi mpaka ashikwe mkono, anasali kwenye kiti, miguu inavimba jioni, anachanganya majina ya wajukuu na anaweza kuuliza jambo lile lile mara tatu. Wiki tano zilizopita aliteleza bafuni akagonga kichwa, ila hakuvunjika popote, akanywa dawa ya maumivu yakaisha. Usiku hapati usingizi, namnunulia Piritoni. Ana dawa ya presha anayotumia kila siku. Kaka anasema ni uzee tu. Kuna mtu ananiuzia vitamini za wazee za kurudisha nguvu na kumbukumbu, dozi ya mwezi shilingi 180,000. Ninunue? Na kila siku anaomba kurudi Muheza, nami naona nikimrudisha nitakuwa nimemtupa.

Kitinda mimba, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Vitamini usinunue. Hiyo laki na themanini iweke pembeni, nitaitafutia kazi huko mbele. Na kaka yako mwambie uzee hauingii kwa miezi kumi. Mtu aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu yake, leo ananyanyuliwa kwenye kochi kama mgonjwa, huyo kuna jambo limempata. Nikisoma maelezo yako naona mambo manne au matano yamempata kwa mpigo, na mengi kati yake yana njia ya kurudi.

Ila kwanza tuzungumze habari ya bafuni. Umeitaja kwa kupita tu, kumbe kwangu ndiyo iliyofanya barua yako nianze nayo leo. Kadiri miaka inavyokwenda ubongo hunywea kidogo, ukaacha nafasi kati yake na fuvu, na vile vishipa vya damu vinavyovuka nafasi hiyo hubaki vimevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Kichwa kikigongwa, kimoja kinaweza kuchanika kikavuja taratibu, tone kwa tone, na siku ile mgonjwa asione chochote zaidi ya nundu. Wiki ya tatu, ya nne, hata ya sita ndipo anaanza kusinzia mchana, kuumwa kichwa, kusahau, kuyumba, mguu mmoja ukawa unaburuta. Nyumbani watu wanasema ndio umri.

Sasa kaa chini na dada wa kazi, maana yeye ndiye anayeshinda na mama, mkumbuke: huku kuchanganya majina kulianza kabla ya kuanguka au baada? Kama ni baada, au kumezidi baada, kesho mpeleke hospitali yenye kipimo cha CT wampige picha ya kichwa. Kama kulianza kabla, bado mpeleke wiki hii hii. Damu ya namna hiyo ikigundulika hutolewa, na nimeshaona watu walioingia kwa machela wakatoka wanatembea. Akianza kutapika, au kulala usingizi usioamshika, au upande mmoja wa mwili kulegea, hapo hata asubuhi usiingoje.

Siku ya kwenda, chukua kikapu utie kila dawa anayomeza. Ya presha, hiyo Piritoni, za magoti alizonunua mwenyewe, na za mizizi alizokuja nazo toka kijijini kwenye chupa ya soda. Usimsimulie daktari, vimwage mezani avione. Nusu ya kazi yangu na wazee huwa ni kupunguza dawa, na siwezi kupunguza nisichokiona. Kama ana kitambulisho cha matibabu cha wazee, kisisahaulike, na dirisha la wazee lipo kwa ajili yake, usione haya kupita mbele ya foleni.

Mwombe daktari apime presha mara mbili, mama akiwa amekaa au amelala, kisha akiwa amesimama. Wengi hupimwa wakiwa wamekaa tu. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, mmeshapata sababu moja ya kuanguka: anaponyanyuka, damu inachelewa kufika kichwani, macho yanaingia giza, na vigae vya bafuni vinamalizia. Vipimo vingine ni sukari, wingi wa damu, figo na chumvi za damu, mkojo, homoni za tezi la shingoni, na vitamini B12 kama mahali hapo wanaipima. Tezi likizembea mtu huwa mzito mwili na akili. B12 ikipungua miguu hufa ganzi na kumbukumbu hupotea, na hiyo inatibika kwa sindano za bei ndogo. Hapo ndipo vitamini ina maana, pale ilipopimwa ikaonekana haipo.

Miguu kuvimba jioni kuna sababu nyingi, na moyo na figo lazima vitazamwe kwanza. Lakini angalia jina kwenye dawa yake ya presha. Kama ni amlodipine, uvimbe wa miguu ni tabia yake inayojulikana, na mtu anayening'iniza miguu kwenye kochi kutwa nzima huvimba zaidi. Ninachokuomba ni kimoja: asije akaongezewa dawa ya kukojoa kwa ajili ya uvimbe ulioletwa na dawa nyingine. Hilo hutokea kila siku. Halafu mzee anaamka usiku mara nne kwenda chooni, gizani, na unajua tena kinachofuata.

Piritoni iache leo. Najua kila duka la dawa linaiuza na kila mtu anaijua, ila ile ni dawa ya mafua na mzio, usingizi wake ni madhara yake. Kwa mtu wa miaka 68 inakausha mdomo, inafunga choo, inazuia mkojo, inavuruga kumbukumbu, na asubuhi anaamka bado imo kichwani. Nimewahi kuletewa mzee aliyesemekana amepata wazimu, tukamwondolea dawa ya aina hii, baada ya siku chache akawa ananiuliza kwa nini mwanawe kapungua hivyo. Kama kwenye kikapu utakuta diazepam, watu wanaiita Valium, hiyo usiikate ghafla, daktari ataishusha kidogo kidogo. Usingizi tutaurudisha kwa njia nyingine.

Hayo ya hospitali yakiisha, na tuombe kichwa kiwe salama, tunakuja kwenye lile ambalo hutalipenda.

Kapumzika mno.

Najua umefanya kwa mapenzi. Nami nilimfanyia baba yangu hivyo hivyo, nikiwa daktari mwenye cheti ukutani, kwa hiyo sikusemi. Lakini hebu tuhesabu siku yake ya Muheza. Kabla hakujapambazuka amenyanyuka kwenye kitanda cha chini, kaenda kuchota maji. Kainama kufagia uwanja. Kakaa kwenye kigoda kumenya mihogo, kanyanyuka kufuata chumvi, kakaa tena, kanyanyuka kuangalia moto. Kaenda shamba na kurudi, na kurudi ana mzigo kichwani. Mchana kakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, magoti yakiwa karibu na kidevu, na kunyanyuka pale kunataka mapaja hasa. Jioni kakaa mkekani na wenzake, miguu wameinyoosha, wanasuka ukili. Hapo hajaenda mnadani, hajapanda mlimani kwa jirani aliyefiwa.

Kisha chukua swala. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku. Ukihesabu, ndani ya swala hizo tano anainuka kutoka chini mpaka kusimama wima mara 12, na akimaliza kila swala anainuka tena mkekani, mara 5. Hizo ni mara 17 za kujinyanyua kutoka sakafuni kila siku ya Mungu, bila sunna. Hakuna fundi wa mazoezi mjini atakayekupangia ratiba hiyo ukaifuata miaka 50. Mama ameifuata. Tangu ahamie kwenye kiti, mapaja yake hayana tena kazi hiyo. Kusali kwa kukaa ni ruhusa ya asiyeweza, na mimi si shehe wa kuingilia. Naongelea mapaja tu.

Mwili hautunzi msuli usio na kazi. Mwaka 2007 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio moja: watu 12 wenye afya nzuri, wastani wa miaka 67, yaani kama mama yako, walilazwa kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa na chakula walipewa. Walipoamka walikuwa wamepoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Siku 10! Kochi si kitanda, nakubali, lakini miezi kumi nayo si siku kumi. Kijana akivunjika mguu akafungwa plasta, msuli wake unanywea nao, ila hurudi upesi. Baada ya miaka 60 unakwenda haraka na kurudi kwa kusukumwa.

Lakini unarudi, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Mwaka 1990 madaktari wa Boston waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wenye miaka kati ya 86 na 96, wakawaanzishia mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8 tu. Waliofika mwisho, nguvu ya mapaja yao ilikaribia kuwa mara tatu ya ile waliyoanza nayo. Wa miaka 90! Mama yako kwa hao ni msichana.

Basi fanya hivi. Daktari akishasema hakuna tatizo kichwani wala moyoni, tafuta Jumamosi asubuhi mama ameshakunywa chai. Chukua kiti cha meza ya chakula, kigumu, kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze. Mama akae katikati ya kiti, mikono aikunje kifuani. Wewe simama ubavuni. Weka simu yako sekunde 30. Asimame wima, akae, asimame, akae, uhesabu amesimama mara ngapi. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 anatarajiwa afikishe 11 au zaidi. Wa miaka 70 hadi 74, 10. Akipata 6, andika 6 na tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Asipoweza hata mara moja bila kujishika, andika sifuri, wala usimwonyeshe uso wa huruma. Hapo ndipo mnapoanzia. Mimi nina miaka 64 na huwa najipima kila mwezi ofisini mlango ukiwa umefungwa, maana mara ya kwanza nilipata 9 na nilikuwa nawafokea wagonjwa waliopata 10.

Kila kabla ya kula, mara tatu kwa siku, asimame na kukaa mara 5 kwenye kiti hicho. Mwanzoni ashike meza. Baada ya wiki mbili ziwe 8, kisha 10, kisha mikono iachie meza. Wakati chai inachemka ashike ukingo wa sinki, ainuke kwa vidole vya miguu na kushuka taratibu mara 10, kisha asimame mguu mmoja kwa kadiri anavyoweza, wa kulia, wa kushoto. Hayo ya mguu mmoja watu huyacheka. Kuanguka hutokea ukiwa juu ya mguu mmoja, kila hatua ya kutembea ni kusimama mguu mmoja kwa kitambo kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba angalau siku 3 kwa wiki, pamoja na dakika 150 au zaidi za mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu kiasi. Dakika 150 ukizigawa ni dakika 22 kwa siku. Genge lenu liko umbali gani? Mtume nyanya. Asipewe za wiki nzima, anunue za siku, kesho arudi tena.

Magoti yatalalamika. Maumivu madogo wakati wa mazoezi yanayoisha jioni hayana neno, goti lililozeeka linapenda kutembezwa kama bawaba ya mlango. Likivimba kesho yake, punguza idadi, usiache. Na zile dawa za maumivu za kumeza kila siku, diclofenac na ndugu zake, zinapandisha presha, zinachoma tumbo na kuumiza figo. Dawa ya kupaka gotini inatosha wengi.

Swala ya chini airudie moja moja. Aanze na ya alfajiri, mwili ukishachangamka kidogo, ubavuni kuwe na stuli nzito ya kujishikia anapoinuka. Ikizoeleka, ongeza nyingine. Atafurahi kuliko unavyodhani. Wazee wengi wameniambia hicho ndicho kilichowauma kuliko magoti yenyewe, paji la uso kutogusa chini.

Na mbuzi. Nyumbani kwako najua mnatumia nazi ya pakiti au blenda. Nunua mbuzi. Wali wa Jumapili ukiwa wa nazi, nazi akune mama, hata kama dada wa kazi atamaliza upande wa pili. Mtu wa Tanga hawezi kukaa miezi kumi anakula nazi ya pakiti akabaki mzima, hilo nalisema bila utafiti wowote.

Chakula chenyewe sasa. Hukuandika anakula nini, ila nitabahatisha: asubuhi chai na mkate, mchana wali kidogo na mchuzi, jioni anasema ameshiba, anaomba chai na mkate tena. Nimepatia? Hicho ndicho chakula cha wazee wengi wa mjini, kwa sababu meno yamepungua na hamu imepungua, na kwa sababu hakuna anayeona kosa kwenye chai. Lakini msuli hautengenezwi na mkate. Wataalamu wa lishe ya wazee wanataka gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mama akiwa na kilo 60, ni gramu 60 hadi 72. Mayai mawili yana kama 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20, na ugali na wali vinajaziliza. Dagaa waliosagwa ukawachanganya kwenye mchuzi wa nazi hawahitaji meno. Gawanya kwenye milo yote, asubuhi yai lisikose. Kama vipimo vya figo havikuwa vizuri, kiasi hiki mpange na daktari kwanza. Chai isikae pamoja na chakula, maana inazuia madini ya chuma. Anywe baada ya saa moja au zaidi.

Maji pia. Mzee hasikii kiu kama sisi, na wengine hujinyima makusudi wakiogopa kuamka usiku. Matokeo yake kizunguzungu, choo kigumu, maambukizi ya mkojo, na maambukizi ya mkojo kwa mzee yanaweza kuja kama kuchanganyikiwa tu, bila homa. Hili ulikumbuke siku zote: mzee akibadilika akili ghafla, ndani ya saa au siku chache, huo ni ugonjwa wa mwili mpaka ithibitike vingine. Malaria, mapafu, mkojo, sukari kushuka. Anywe maji yake mengi kabla ya magharibi, baada ya hapo apunguze.

Usingizi utarudi wenyewe ukiondoa usingizi wa mchana mbele ya runinga. Nusu saa baada ya adhuhuri inatosha. Asubuhi atoke nje kwenye jua. Mwili uliofanya kazi hulala, na mtu aliyekuna nazi hatafuti Piritoni.

Sasa kichwa. Kule wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kaya kwa kaya kuwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, matokeo yakachapishwa mwaka 2013: wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu walikuwa takriban 6 katika kila 100. Geuza hesabu uone. Kati ya wazee 100 waliopita miaka 70, kama 94 hawakuwa nao. Kwa hiyo mama wa miaka 68 akianza kusahau, usianze kumzika, tafuta sababu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja vitu 14 ambavyo vikishughulikiwa mapema, na kwa kila mtu, vingeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya ugonjwa huo. Baadhi unavijua: presha, kisukari, sigara, pombe, kukaa bila kutikisika. Lakini vimo pia kutosikia vizuri, kutoona vizuri, huzuni ya muda mrefu, na upweke.

Masikio yake yapimwe. Mtu asiyesikia vizuri hujibu mbali na swali, watu wakacheka au wakachoka, naye akaacha kuongea, na sisi tukasema akili imekwenda. Mara nyingine ni nta tu imeziba, inatolewa hospitali kwa dakika kumi, usiichokoe kwa njiti. Macho nayo; mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona siku inayofuata.

Na huzuni, umeiuliza? Mzee wa kwetu hasemi ana huzuni. Atasema mwili hauna raha, moyo unadunda, kichwa kizito, sina hamu. Fikiria alichokiacha. Muheza alikuwa mama fulani, mwenye shamba, mwenye zamu kwenye chama cha kuzikana, anayeulizwa bei ya machungwa na anayeitwa kusuluhisha ndoa za watu. Tabata ni mama yake nani, anayeletewa maji ya kuoga. Wajukuu wanaondoka alfajiri na gari la shule, wewe unarudi saa mbili usiku, na dada wa kazi yuko kwenye simu yake. Waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe walidhani wanamsema mgeni mvivu. Mimi nikiwaona wazee kliniki naisikia upande wa mgeni. Mama yako ameshakaa siku mia tatu na bado hajapewa jembe, anajua maana yake: si wa hapa.

Mpe kitu ambacho kisipofanywa naye kitaharibika. Kazi ya kuigiza ataigundua mara moja. Pesa ya matumizi ya jikoni ya wiki mkabidhi yeye, apange, dada wa kazi achukue kwake. Atahesabu, atakumbuka, atagomba kuhusu bei ya vitunguu, na hayo yote ni mazoezi ya kichwa. Wajukuu jioni wamsomee, yeye awafundishe kusuka ukili. Miyaa ya kusukia itoke Muheza kwa basi. Huko Hai waliwahi kuwakusanya wenye ugonjwa wa kumbukumbu kwenye vikundi vidogo, wakaimba, wakacheza, wakajadili mambo ya zamani na ya sasa chini ya mwongozaji, na waliopimwa baadaye kumbukumbu zao zilionekana zimepata nafuu. Hao walikuwa tayari wanaumwa. Mtaani kwenu hakukosi darasa la akina mama msikitini, au kikoba. Mpeleke mara mbili za kwanza wewe mwenyewe, ya tatu atakwenda.

Ile laki na themanini nimeikumbuka. Fundi aweke vyuma viwili vya kushikia bafuni, kimoja karibu na choo, kimoja pale anapooga. Vitoboe ukuta hasa, visibandikwe kwa gundi. Zulia la mpira lisiloteleza. Taa ya usiku ndogo toka chumbani mpaka chooni. Kandambili zilizolika chini zitupe, mnunulie viatu vya kufunga nyuma ya kisigino. Stuli ya plastiki nzito ya kuogea akiwa amekaa. Kochi lile linalomeza mtu liwekewe godoro gumu juu ili liinuke. Chenji ikibaki, miwani.

Umeuliza kuhusu Muheza na nimeiacha mwisho kwa sababu jibu linategemea hayo yote. Kama vipimo ni salama na mtu yuko wa kulala naye nyumba moja, mrudishe. Msimu wa machungwa akae kule, mvua kubwa ikija arudi kwako, dawa zake za miezi mitatu ziwe mkononi na presha ipimwe zahanati ya kijijini. Mtu hatupwi kwake. Ila asirudi na miguu hii aliyo nayo sasa. Mpe miezi miwili ya viti na genge na nazi. Kalenda ikionyesha 9 au 10, mkatie tiketi, tena mwonyeshe mapema kwamba ndiyo bei ya tiketi, uone kama utahitaji kumkumbusha mazoezi.

Ukimsindikiza stendi ya Mbezi, mtafutie siti ya upande wa njia, si dirishani, apate kunyoosha miguu. Mwambie kondakta una mzee. Na basi likisimama kuchimba dawa, ashuke na wengine hata kama hana haja, atembee mpaka kwa wauza korosho, anunue, arudi kwa miguu yake.